Nusu Sauti Chini

Sura ya Tisa

Gitaa la Bomba Kubwa lilikufa saa nane na robo mchana, na aliyeliua ni Bomba Kubwa mwenyewe. Alilikalia.

Hakulikalia kama mtu anavyokalia miwani yake, akagusa na kuruka. Alilikalia kama fundi bomba aliyeshiba, kwa uzito wote aliojaliwa, na shingo ya gitaa ikakatika kwa mlio ambao wenzake waliapa kuwa ndio mtamu kuliko yote iliyopata kutoka kwenye chombo kile tangu kinunuliwe.

"Tumekwisha," alisema Bomba Kubwa, bado amekaa.

"Hebu simama kwanza," alisema Kengele, "tujue kama ni maiti au majeruhi."

Alisimama. Ilikuwa maiti.

Walikuwa nyuma ya pazia la ukumbi wa chuo cha ufundi, katikati ya masanduku, nyaya na spika kubwa kama makabati ya nguo. Mbele ya pazia, bendi ya walimu wa hesabu ilikuwa ikiuchapa muziki wa roki kwa nguvu hata panya wa ukumbini, inasemekana, walihamia maktaba. Bendi nane za mjini zilikuwa zimejitolea kupiga bure, ili hospitali ipate mashine za kutunzia watoto njiti. Sharti lilikuwa moja tu: kila bendi ipige wimbo wa kukopi, wimbo wa zamani ambao kila mtu anaujua. Sharti hilo lilitungwa baada ya tamasha la mwaka uliopita, ambapo bendi moja ilipiga wimbo wake yenyewe wa dakika arobaini kuhusu mwenye nyumba wao, na nusu ya watazamaji wakaondoka na viti.

Bendi ya Kengele iliitwa Mabomba, kwa sababu wanaume wote watatu walikuwa mafundi bomba. Kengele, mwimbaji wao, alikuwa mshona mapazia. Jina la Kengele alilipata akiwa na miaka sita, siku alipomwita mama yake kutoka ng'ambo ya soko, na shule nzima ya jirani ikatoka nje ikidhani ni mapumziko. Leo Mabomba walipangiwa "Mlango wa Chuma," wimbo wenye noti moja mwishoni, juu kabisa, ambayo waimbaji wengi huikwepa kwa kuwanyooshea watazamaji kipaza sauti na kujifanya wanataka waimbe wote.

Kengele hakuwa na nia ya kuikwepa. Leo alikuwa na mambo mawili ya kumaliza, na noti ile lilikuwa jambo dogo.

Jambo kubwa lilikuwa limekaa safu ya mbele, kando ya mama yake Kengele, na pamba masikioni. Huyo alikuwa mchumba wake, mfamasia wa hospitali, mtu mpole aliyekata tiketi nyingi kuliko mtu yeyote mjini na ambaye muziki wa roki ulimuumiza meno. Miezi minne sasa Kengele alikuwa amevaa pete yake. Na jana, baada ya kumsindikiza mpaka mlangoni, mfamasia alimwambia, "Jumapili wajomba zangu wanakuja kwenu kuweka tarehe. Lakini naona kama unavaa pete hii kama mtu aliyeazima. Sitaki kukulazimisha. Niambie kesho kabla jua halijazama: waje, au wasije."

Alijua anachokisema. Tangu lile tangazo la tamasha libandikwe, na chini yake jina la bendi ya Chuma Chakavu, Kengele alikuwa amejidunga sindano mara tisa, na siku moja alishona mkono wa blauzi yake kwenye pazia la meneja wa benki, akagundua alipotaka kwenda kula.

Mpiga gitaa wa Chuma Chakavu alikuwa Cheche.

Basi mpiga besi wa Chuma Chakavu, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku akila karanga, alipoiona ile maiti ya gitaa aliwaonea huruma. "Chukueni la Cheche," alisema. "Yeye yuko nje anashusha vyombo. Si leo kila kitu ni cha kuazima? Nyimbo zenyewe za watu!"

Bomba Kubwa alikuwa ameshaanza kukusanya vipande vya marehemu. Kwa hiyo aliyelipokea gitaa ni Kengele.

Lilikuwa lilelile. Lile jeusi lililochunika pembeni, lenye alama ya kuungua pale Cheche alipowahi kuliegemeza karibu mno na kazi yake ya kuchomelea vyuma. Kengele akalipakata, akakwaruza nyuzi zote kwa mara moja. Mlio haukuwa mahali pake.

Alisogea kwenye kinanda cha chuo kilichosukumwa kando ya ukuta, akabonyeza kitufe, akapiga uzi. Akabonyeza kingine, akapiga uzi wa pili. Alifanya hivyo mara sita. Nyuzi zote sita zilikuwa chini ya kinanda kwa nusu sauti kamili, ile hatua fupi ya kutoka kitufe cheupe hadi cheusi kilicho jirani yake.

Uzi mmoja unaweza kulegea kwa joto. Nyuzi sita hazilegei kwa kipimo kimoja, labda ziwe zimekubaliana. Hapa palikuwa na mkono wa mtu.

Moyo wa Kengele ukapiga kuliko ngoma za walimu wa hesabu.

Miaka minne nyuma, wakati yeye na Cheche walikuwa bendi moja na kitu kimoja, koo lilimuuma Kengele majira mazima. Aliimba hivyo hivyo. Jioni moja ya mazoezi noti ya juu ikawa nyepesi ghafla, akafurahi akidhani amepona, mpaka mpiga ngoma alipochekacheka na kumwambia kuwa Cheche alishusha magitaa yote nusu sauti tangu wiki iliyopita. Kengele alikwenda moja kwa moja hadi karakana ya kuchomelea vyuma, akamkuta Cheche anaunga geti.

"Umenishushia wimbo bila kuniambia! Mimi mtoto, unanikatia nyama vipande vidogo?"

"Nilikuona unaumia."

"Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Ndiyo maana ya kuuliza!"

Alimrushia stuli. Maneno yakazaa maneno. Mwisho Cheche akapandisha kofia yake ya kuchomelea kwenye paji la uso, macho mekundu, akasema, "Haya. Mimi nakwenda kuchomelea daraja, miezi sita. Lakini gitaa langu sitalipandisha. Litakaa nusu sauti chini mpaka siku utakayorudi. Hata ipite miaka mia, ukilishika utalikuta pale pale nilipoliacha."

"Lioze huko huko," Kengele alijibu.

Miezi sita ikawa miaka minne. Kila mmoja alimngoja mwenzake aombe radhi, na radhi yenyewe ikabaki njiani kama abiria asiyejua ashuke kituo gani. Mama yake alishukuru. "Fundi wa kuchomelea!" alizoea kusema, akikata kitambaa. "Sisi ni watu wa mapazia. Angekuja humu na cheche zake, tungeuza vyandarua."

Na sasa gitaa lilikuwa hapa mapajani mwake, nusu sauti chini. Pale pale.

Akalilaza juu ya kinanda polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka kwenda kutoa jibu.

Mfamasia alikuwa ametoka ukumbini kupumzisha meno. Kengele alimkuta kwenye korido, anapanga chupa za maji za wapigaji mezani, lebo zote zikiangalia upande mmoja kama dawa rafuni. Alipomwona Kengele alizitoa pamba masikioni, moja, kisha nyingine, akazishika kiganjani. Alikuwa na tabia hiyo: ukizungumza naye, hakuacha kitu chochote kikae katikati.

"Nimeleta jibu," alisema Kengele.

"Tulisema mpaka jioni."

"Limewahi." Akaanza kuivuta pete. Ilikataa kwenye kifundo, akaivuta tena. "Wewe ni mtu mwema. Nataka ujue hilo."

"Huo ndio mwanzo wa dawa chungu," alisema mfamasia. Kisha, bila kuuliza, "Ni yule mpiga gitaa."

"Ndiyo."

Mfamasia akafungua kinywa kusema kitu. Akakifunga. Akafungua tena, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesoma cheti cha mgonjwa mwingine, akajua asichopaswa kukisema.

"Umezungumza naye?"

"Bado. Hata sijamwona."

"Basi nenda kazungumze naye kwanza. Tafadhali. Ukirudi na jibu hilohilo nitalipokea. Sikukimbii, nina chupa thelathini hapa."

"Sihitaji kuzungumza naye. Nimeshajua."

"Umejuaje?"

"Gitaa lake limeniambia."

Mwanamume mwingine angecheka, au angepiga teke meza. Huyu aliigeuza chupa moja ambayo lebo yake ilikuwa imepinda. "Kwangu dirishani," alisema taratibu, "mtu akija kutaka dawa kwa sababu ameota inamfaa, humwambia amwone daktari kwanza. Wengi hunikasirikia."

"Na mimi nimekasirika," alisema Kengele, maana aibu ilikuwa inamchoma na hasira ni baridi zaidi. Pete ikatoka. Akaiweka mezani, kati ya chupa mbili. "Usinifanye mgonjwa wako. Nina masikio. Hapa mjini hakuna mwenye masikio kama yangu."

"Hilo kweli." Aliichukua pete, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. "Kwa hiyo niwaambie wajomba wasije."

"Waambie."

"Sawa." Alimtazama kidogo, na jicho lile halikuwa la mtu aliyeachwa. Lilikuwa la mtu anayemwona mwenzake anavuka barabara bila kuangalia. "Uimbe vizuri, Kengele."

Kengele alirudi nyuma ya pazia miguu ikiwa myepesi, mama yake naye akamfuata mbio, mkoba kwapani.

"Yule kijana amepita anachukua koti lake, ananiambia 'Mama, nisamehe kwa usumbufu.' Usumbufu gani? Umefanya nini wewe?"

"Nimerudisha pete."

"Umerudisha..." Mama akatafuta pa kukaa, akakalia spika. "Kwa nani? Kwa nini?"

"Mama, Cheche hajalipandisha gitaa lake. Miaka minne. Liko nusu sauti chini."

"Na wewe akili yako iko sauti nzima chini! Mwanaume yuko kwenye nini, kwenye nyuzi? Ana barua? Ana salamu? Amekuja kunisalimia mimi, mama mtu?"

"Aliahidi, mama."

"Hata mvua iliahidi wiki iliyopita, nikaacha kufua." Mama akauhamisha mkoba kwapa la pili. "Yule kijana ananiita mama tangu kabla hujamkubali. Nilipougua mguu nani alikuja kila jioni? Gitaa?"

Kengele aligeuka. Mlango mkubwa wa nyuma ulikuwa umefunguliwa, na mwangaza wa mchana umeingia ukimtangulia mtu aliyebeba spika begani.

Alikuwa amenenepa kidogo. Mikono ilikuwa ileile, yenye madoa meupe ya cheche za zamani. Akaiweka spika chini, akajipangusa jasho, akamwona.

"Ala! Kengele!"

"Cheche."

"Bado unaimba?"

"Bado unaunguza watu?"

Akacheka, kile kicheko chake cha kutupa kichwa nyuma, na Kengele akasikia miaka minne inakunjika kama kitambaa. Mama akasonya, akaondoka kurudi kitini kwake.

"Nimelishika gitaa lako," alisema Kengele. Sauti yake, iliyowahi kutoa shule nzima nje, ilikuwa ndogo.

"Nimeambiwa. Lipigeni tu, hamna neno. Nasikia Bomba Kubwa kalikalia lake!"

"Liko nusu sauti chini."

"Ee, samahani, nilisahau kumwambia mpiga besi awaeleze. Mwambie Bomba Kubwa alikaze tu, nyuzi ni mpya, hazitakatika."

Kengele alingoja. Hakukuja kitu kingine.

"Ulisema hutalipandisha," alisema.

"Nilisema?"

"Karakanani. Siku ile."

Cheche akakunja uso. Alitafuta kwa dhati, hakuna wa kumlaumu. Alitafuta kama mtu aliyeulizwa namba ya nyumba aliyowahi kupanga zamani. "Siku ile tulisema mengi, Kengele. Nakumbuka ulinirushia kiti."

"Stuli."

"Stuli! Ee, stuli." Akaugusa ubavu wake, anatabasamu. "Iliniuma wiki mbili."

"Baba Pacha!" sauti iliita mlangoni, kavu, ya mtu mwenye mafua. Aliingia mwanamke amejifunga skafu shingoni, amembeba mtoto ubavuni, na mfuko wa maziwa ya chupa umemning'inia begani. "Umeniwekea nusu chini, si ndiyo? Leo koo langu ni msasa mtupu." Kisha akamwona Kengele, akasimama, uso ukamchanua. "Ni yeye? Wewe ndiye Kengele?"

"Ndiye mimi."

"Jamani! Nimekusikia mpaka nimechoka. Njoo nikushike mkono." Akamshika kwelikweli, kwa mkono wenye joto. "Wewe ndiye uliyemfundisha huyu adabu. Siku ya kwanza naimba na bendi yao, koo lilikuwa bovu hivi hivi, akanisogelea ananong'ona, 'Dada, nikishusha nusu sauti utakasirika?' Nikashangaa. Mpiga gitaa gani anauliza? Akaniambia kuna mtu alimfunza kwa kumpiga na stuli." Alicheka bila sumu hata chembe, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Nikamwambia shusha. Lakini moyoni nilisema, mwanaume anayeuliza hivi, simwachii mtu."

"Ulifanya vizuri," alisema Kengele. Alishangaa kusikia kinywa chake kinajua la kusema.

Kumbe ndivyo ilivyo. Yeye ndiye aliyelipa karo, mwenzake ndiye aliyehitimu.

"Huyu ni mmoja," mwanamke aliendelea, akimpandisha mtoto, "mwenzake kalala garini na bibi yake. Walizaliwa kabla ya siku zao, tukiwa safarini tunapita tu, ikabidi tuteremkie hospitali yenu. Wiki saba tumelala pale! Ndiyo maana tulipoitwa kwenye hili tamasha hatukuuliza mara mbili. Kuna mtu wa dirisha la dawa, mpole kama maji ya mtungi, alikuwa anatuletea dawa mwenyewe mpaka wodini. Halafu yale mapazia ya kijani yenye michoro ya majani. Kwa kukosa usingizi niliyahesabu majani yake yote."

Kengele aliyajua yale mapazia. Aliyashona yeye, pindo mbili, kulabu kumi na nane kila moja, na aliyatundika mwenyewe. Alimgeukia Cheche.

"Wiki saba," alisema. "Mji huu huu."

Cheche akatazama viatu vyake. Hilo alilikumbuka. "Sikuona kama ni vizuri kuja," alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua umeshasahau."

"Ndiyo," alisema Kengele. "Nilishasahau."

Alikwenda korido kwa mwendo wa kukaribia kukimbia. Chupa thelathini zilikuwa zimesimama mezani, lebo zote zinaangalia upande mmoja. Hapakuwa na mtu. Alichungulia ukumbini kwenye upenyo wa pazia. Mama alikuwa kwenye kiti chake, uso kama geti lililofungwa. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na vipande viwili vya pamba.

Ndipo akaielewa ile sura ya mfamasia kule koridoni. Alikuwa anajua. Amewaona wodini wiki saba, mume, mke na watoto, lakini habari za wagonjwa hazitoki dirishani kwake, hata kwa ajili ya kumwokoa mwanamke anayempenda. Alichoweza kufanya ni kumwomba kitu kimoja tu. Kaulize kwanza.

Kengele, aliyemrushia mtu stuli kwa sababu hakuulizwa.

"Mabomba!" mtangaza tamasha aliita. "Mabomba jukwaani!"

Bomba Kubwa alikuwa tayari ameliangika gitaa la Cheche shingoni, linaonekana kama kijiko juu ya pipa. "Dada," alisema, anamtazama vizuri, "hili liko chini. Tuliache hivi hivi? Sijui umepatwa na nini, lakini uso wako hauko sawa. Itakupa nafuu kule mwisho."

Fundi bomba huyo. Hata yeye aliuliza.

"Ahsante kwa kuniuliza," alisema Kengele. "Lipandishe."

Wanaosimulia tamasha lile mpaka leo hawakubaliani kuhusu mambo mengi, lakini kuhusu "Mlango wa Chuma" wanakubaliana. Aliimba ubeti wa kwanza kama anasoma orodha ya sokoni, wa pili kama anagombana, na ilipofika ile noti ya juu hakumnyooshea mtu kipaza sauti. Aliipanda peke yake. Wapo wanaodai chupa za korido zilitoa mlio, na kwamba babu mmoja kiziwi safu ya sita alimwuliza mjukuu wake nani anamwita. Ukumbi ulisimama. Cheche, pembeni ya jukwaa na mtoto begani, alipiga makofi kwa furaha safi, kama mtu anavyompigia makofi mtoto wa jirani aliyefaulu.

Kengele aliimba noti ile yote akiwa ametazama pamba mbili kwenye kiti.

Aliposhuka, Bomba Kubwa alitaka kumkumbatia. Kengele alimvua gitaa badala yake, akaenda kukaa kwenye kinanda. Chuma Chakavu walikuwa wanafuata baada ya bendi moja. Akabonyeza kitufe, akalegeza uzi wa kwanza taratibu mpaka ukatua chini ya pale kwa nusu sauti. Wa pili. Wa tatu ulizidi kidogo, akaurudisha. Hakuharakisha. Alifanya kazi ile kama anavyopinda pindo, kwa kuwa kazi ya mtu ni kazi ya mtu.

Mke wa Cheche alikuja kulichukua, skafu imekazwa. "Umelirudisha lilivyokuwa?"

"Lilivyokuwa," alisema Kengele. "Uzi wa tatu una tabia ya kupanda. Umwambie auangalie."

"Nitamwambia. Mungu akubariki, dada."

Mama alimkuta amebaki hapo hapo, mikono juu ya mapaja. Hakuanza kufoka. Hilo lilimtisha Kengele kuliko kufoka.

"Nimemfuata mpaka getini," alisema mama. "Nimemwambia, baba, angalau rudi usikie wimbo, umenunua tiketi. Akasema atausikia kutoka barabarani, sauti yako haijui ukuta."

"Akasikia?"

"Alisimama pale juani, koti mkononi, mpaka mwisho. Mpaka ile ya juu."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, 'Ameifikia.' Basi. Akaenda zake." Mama akaketi kando yake kwenye kile kiti kifupi cha kinanda, bega kwa bega. "Hajafika mbali, mwanangu. Yule hatembei haraka. Inuka umfuate."

Kengele alivitazama vidole vyake. Kimoja kilikuwa na mstari mweupe mahali palipokuwa na pete.

"Nikamwambie nini, mama?" alisema. "Kwamba sasa ndipo nimezungumza na Cheche kwanza?"

Mama akaugusa mstari ule kwa kidole gumba. Akainama, akaona uzi umechomoza kwenye pindo la pazia la ukumbi, akaanza kuuvuta. Mbele yao Chuma Chakavu walianza kupiga. Kengele akasikiliza uzi mmoja baada ya mwingine, zote sita, na zote zilikuwa pale pale alipoziweka.